Bwati ya vitesi: mbele ya kutoa dola, ujue kwanza nini njo imekufa

Usiku ule mvua ilikuwa imetoka tu kunyesha. Kijana mmoja wa timu yetu alifunikwa na udongo ndani ya shimo mpaka kiunoni, na tulipomutoa tuliona mguu umevunjika. Kikundi chetu kiko na gari, Hilux ya zamani ya mazuti, tuliinunua kwa michango ya miaka miwili, juu ya mambo kama haya njo tuliinunua. Shoferi aliwasha motere, akakanyaga ambreyaji, akasukuma mukono wa vitesi: krrr! Haiingii. Ya kwanza hapana, ya pili hapana, ya nyuma hapana. Tulijaribu mpaka jasho likatutoka. Mwishowe tulimubeba kijana kwa kipoyi mpaka barabarani, kiisha pikipiki ikamupeleka. Alifika hospitali ya Mambasa asubuhi, jua limeisha kutoka. Alipona, Mungu ni mwema, lakini damu ilimwagika nyingi, na mama yake mpaka leo hapendi kuona ile gari.

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na baba munaosoma ukurasa huu, habari hii ninaiandika kwa sababu gari yetu haikuwa imekufa usiku ule. Sisi njo hatukujua kitu. Na kutojua kule kulitukula pesa nyingi kiisha.

Tuanze na kazi ya bwati. Motere ya gari inapenda kuzunguka mbio. Ikizunguka polepole sana, inazimika. Lakini gari yenye mizigo, yenye kupanda kilima ndani ya matope, haiwezi kuanza mbio. Sasa lazima kitu katikati kinachobadilisha mbio kuwa nguvu. Kile kitu ni bwati. Ndani muko pinyo, ni kusema magurudumu ya chuma yenye meno, madogo na makubwa. Pinyo ndogo ikisukuma kubwa, ile kubwa inazunguka polepole lakini kwa nguvu, sawa vile mutu akisukuma jiwe na mutalimbo murefu: mukono unatembea sana, jiwe linatembea kidogo, lakini linatembea. Kwa vitesi ya kwanza ya Hilux, motere inazunguka karibu mara 4 ili chuma kinachotoka nyuma ya bwati kizunguke mara 1. Kwa vitesi ya 4 ni moja kwa moja: mara 1 kwa mara 1. Ya 5 ni ya mbio, pale chuma cha nyuma kinapita motere kidogo.

Ambreyaji ni kitu kingine kabisa. Iko kati ya motere na bwati, na kazi yake ni kukata ile nguvu wakati shoferi anabadilisha vitesi. Ukikanyaga, bwati inapumzika. Ukiachilia, nguvu inapita. Mbele ya pinyo kushikana kuna vipete vya shaba ya njano vinaitwa sinkro. Vyenyewe vinalinganisha mbio za vyuma viwili ili visigongane. Cadillac ya Marekani njo ilianza kuuza gari zenye sinkro mwaka 1928. Mbele yake shoferi alikanyaga ambreyaji mara mbili kwa kila vitesi, na wazee wa lori wanaendelea kufanya hivyo mpaka leo.

Turudi kwa hadithi yetu. Kesho yake tulimuita mekanisiye. Alisukuma mukono wa vitesi, akasikia krrr, akasema: "Bwati yenu imekufa, mutafute ingine." Hakulala chini ya gari, hakufungua hata kizibo cha mafuta. Sisi nasi, kwa haya na kwa hasira ya ule usiku, tuliingia mara moja ndani ya sanduku la msaada. Tulitoa dola 600, tukanunua bwati ya okazio iliyofungwa ndani ya gunia, hatukuifungua, hatukupata fakitire. Wakaifunga ndani ya gari siku mbili. Tunawasha: krrr! Ugonjwa ni ule ule.

Mzee mmoja, shoferi wa lori aliyekuwa anapita, njo alitufungua macho. Alisema: "Muzime motere. Sasa muingize vitesi." Ikaingia, laini kama kisu ndani ya ndizi ya kuiva. "Muwashe tena, mujaribu." Haiingii. Akacheka: "Bwati iko mzima. Ambreyaji yenu haikati." Aliangalia pompe ndogo ya ambreyaji pale chini, akakuta mafuta yanavuja juu ya kampira kadogo kaliisha. Kale kampira kalitukula dola chache tu. Na ile bwati ya dola 600? Tulikuja kugundua inatupa vitesi ya 5 yenyewe. Tulirudisha bwati yetu ya zamani mahali pake, na inatembea mpaka leo.

Kitu kilichoniumiza zaidi ni neno moja la yule mzee. Alisema usiku ule tungezima motere, tungeingiza vitesi ya kwanza ikiwa imezimwa, kiisha tungewasha na demareri barabara ikiwa tambarare: gari ingeondoka polepole na kuendelea na ile vitesi moja mpaka hospitali. Ni kubaya kwa gari, lakini ni kuzuri kwa mutu anayemwaga damu. Mulikumbuke lile.

Kwa hiyo, ndugu, mbele mutu akuambie bwati imekufa, jaribu haya.

Kama vitesi zote zinakataa motere ikiwaka, lakini zinaingia ikizimwa, tafuta kwa ambreyaji kwanza. Kama ni vitesi moja tu inayolia krrr, mara nyingi ya 2 ao ya 3, sinkro yake imeliwa. Kama vitesi inaingia vizuri lakini inajitupa yenyewe njiani, kile kinachoishika kimekwisha. Kama kuna mulio wakati gari imesimama bila vitesi, na mulio unapotea ukikanyaga ambreyaji, ni ruloma ya mbele ya bwati. Mulio ukija wakati unakanyaga, ni ruloma ya ambreyaji, siyo ya bwati. Na kama inalia kwa vitesi zote lakini inanyamaza kwa ya 4, ujue ni ruloma za chuma cha chini, kwa sababu ya 4 inapita moja kwa moja bila kubebesha kile chuma muzigo.

Kiisha fungua kizibo cha chini na umwage mafuta ndani ya karai safi. Hapa wachimbaji tuko na macho kuliko mekanisiye. Ukiona unga mweusi laini, ni kuzeeka kwa kawaida. Ukiona unga wa njano unang'aa, usifurahi, ile haiko dhahabu: ni shaba ya sinkro inaliwa. Ukiona vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole, ni meno ya pinyo ao ruloma. Na kama mafuta yamegeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa matope ya RN4 na mito tunayovuka kuingia kwenye kariyeri, ile ya maji njo inaua bwati nyingi bila mutu kujua.

Ukiisha kujua ugonjwa, kuna njia tatu. Ya kwanza ni kutengeneza. Ruloma na sinkro zinauzwa moja moja, na mara nyingi bwati inayolia inahitaji ruloma mbili tu. Ya pili ni kuchukua bwati mbili mbovu na kufanya moja nzima. Ni njia nzuri kama mekanisiye ni mutu wa kuaminika na kama mutasimama pale anapofungua. Ya tatu ni okazio. Piyese za okazio zinapatikana Bunia na Butembo, na wafanyabiashara wengi wanazichukua Kampala, kwenye soko la Kisekka. Ukimutuma mutu kule, ujue bei ya Kampala haiko bei ya Mambasa: kuna muzigo wa gari, kuna DGDA kwenye mpaka wa Kasindi ao wa Mahagi, kuna barabara yenyewe na usalama wake. Hesabu yote mbele ya kusema ni bei rahisi.

Usimutume mutu na neno "bwati ya Hilux" tu. Hilux ziko za aina nyingi. Angalia kale kabamba ka chuma ndani ya motere ya Toyota: kameandikwa aina ya motere, namba ya shasi, na alama ya bwati. Andika yote, piga picha. Sema kama gari yako inakokota magurudumu mawili ao ine. Sema volani iko upande gani, kwa sababu Uganda gari ziko na volani kuume. Hesabu meno ya chuma kinachoingia ndani ya ambreyaji, pima urefu wake. Jino moja likizidi, umenunua jiwe.

Mbele ya kulipa, ingiza kila vitesi kwa mukono na uzungushe. Kwa ya kwanza uzungushe karibu mara 4 ili nyuma izunguke 1; kwa ya 4 ni sawa sawa. Shika chuma cha mbele, kitikise: kikicheza sana, ruloma zimekwisha. Angalia kama karte ya aliminyumu imepasuka ao imechomelewa. Nusa mafuta: harufu ya kuungua ni dawa mbaya. Na uombe fakitire yenye garanti, hata ya siku 14, yenye jina na sahihi. Muuzaji anayekataa kuandika, anajua kitu.

Wenye pikipiki, ninyi pia munasikia. Kwa nyingi za pikipiki zetu, bwati iko ndani ya motere, inakunywa mafuta yale yale. Ukichelewesha kubadilisha mafuta, unaua vitu viwili mara moja.

Na kulinda? Shoferi asipumzishe mukono juu ya levie, asishike ambreyaji nusu nusu kwenye kilima, asianze na ya pili na tani ya mchanga nyuma. Akivuka mto mrefu, afungue kizibo siku ile ile aangalie mafuta.

Sisi katika sindika tunapiganaga juu ya mizani ya wanunuzi wa dhahabu, kwa sababu mutu asiyejua kusoma mizani anaibiwa akiangalia. Gari ni vilevile. Kwa sasa kila shoferi wa kikundi chetu, na vijana wawili wa kila shimo, wanajifunza yale niliyoandika hapa, siku ya mapumziko, mbele ya gari yenyewe. Ile bwati ya dola 600 tumeifungua juu ya meza: njo shule yetu. Imetukula pesa nyingi, basi angalau ifundishe watu wengi.