Kisanduku cha Kutafutia ni cha Nani?



“Hebu nisaidie, mwanangu, intaneti ya simu hii imechafuka.”

Shangazi yangu anaishi Morogoro na anafuga kuku wa kienyeji. Wiki aliyonipigia alikuwa amenunua simu mpya, na jioni hiyo alitaka kusoma kuhusu chanjo ya mdondo kabla ugonjwa haujaingia bandani. Aliandika swali lake kwenye kisanduku cha kutafutia kama alivyozoea kwenye simu ya zamani. Akaletewa ukurasa asiowahi kuuona: juu matangazo ya kamari, chini udaku wa wasanii, na majibu yenyewe yamebanwa katikati, machache tena ya Kiingereza. Alidhani amebonyeza pabaya akaharibu kitu.

Hakuwa ameharibu. Kivinjari kilichokuja ndani ya simu kilikuwa kimepangiwa mtambo mwingine wa kutafuta tangu kiwandani. Nikamwelekeza: gusa vidoti vitatu pembeni, ingia kwenye Mipangilio, shuka mpaka uone mtambo wa kutafuta, chagua unaoujua. Kupafikia hapo kulituchukua zaidi ya robo saa, maana sehemu hiyo ilikuwa imewekwa ndani ya kifungu ambacho jina lake halikuhusiana kabisa na kutafuta. Alipofaulu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Sasa mbona hawakuniuliza?”

Sikuwa na jibu la kumpa jioni ile. Ninalo sasa, na sehemu kubwa yake imo katika kumbukumbu za mahakama moja mjini Washington.

Oktoba 2020 serikali ya Marekani iliishtaki Google kwa kuhodhi soko la utafutaji. Kesi ilipoanza kusikilizwa Septemba 2023, mikataba iliyofichwa kwa miaka mingi ikaanza kusomwa hadharani. Ilijulikana kwamba mwaka 2021 Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa watengenezaji wa simu, makampuni ya mitandao ya simu na wenye vivinjari, ili mtambo wake uwe chaguo-msingi, yaani ule unaoukuta umeshawekwa unapowasha kifaa. Apple peke yake ilipokea takriban dola bilioni 20 mwaka 2022 kwa ajili ya kivinjari chake cha Safari. Bajeti nzima ya Serikali ya Tanzania kwa mwaka 2023/24, yenye mishahara ya walimu, dawa za zahanati, barabara na reli, ilikuwa shilingi trilioni 44.39, ambazo kwa kiwango cha wakati ule hazikufika dola bilioni 20.

Hakuna mfanyabiashara anayetoa fedha kama hizo kwa ajili ya kitu ambacho mteja atakibadilisha kesho asubuhi. Fedha ile hununua mazoea. Jaji Amit Mehta, aliyeisikiliza kesi hiyo, alionyesha kwamba karibu nusu ya maswali yote yaliyotafutwa Marekani yalipitia milango iliyokwisha kulipiwa kwa mikataba ya namna hiyo. Akatazama pia upande wa pili. Ndani ya Edge, kivinjari cha Microsoft ambacho chaguo-msingi lake ni Bing, asilimia 80 hivi ya maswali yalibaki Bing, ingawa nje ya Edge mtambo huo ulikuwa na wafuasi wachache. Tofauti hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya nani aliyetangulia kukaa kwenye kisanduku.

Kuna kisa kinachoonekana kupinga hoja hii, nacho nakipenda kuliko vyote. Mwishoni mwa 2014 Mozilla, shirika linalotengeneza kivinjari cha Firefox, liliachana na Google nchini Marekani na kuweka Yahoo kuwa chaguo-msingi. Kwa miezi michache Yahoo ilipanda kuliko ilivyokuwa imepanda kwa miaka. Baadaye watu wakaanza kurudi walikotoka, kidogo kidogo, na Novemba 2017 Mozilla yenyewe ikairudisha Google. Wapo wanaokitaja kisa hiki kama ushahidi kwamba chaguo-msingi si kitu, kwa kuwa asiyeridhika huhama. Mimi nakisoma kwa namna nyingine. Katika Firefox ya miaka ile, orodha ya mitambo ilikuwa pale pale kwenye kisanduku cha kutafutia, inafunguka kwa mguso mmoja, na mtumiaji aliweza kuongeza mtambo wowote alioutaka. Watu walihama kwa sababu mlango waliuona. Shangazi yangu asingehama kamwe kama asingekuwa na mtu wa kumpigia simu.

Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2025, alitoa amri juu ya hatua za kurekebisha: mikataba inayowafungia washindani nje ikakatazwa, lakini malipo ya kuwekwa kuwa chaguo-msingi yakaruhusiwa kuendelea. Naielewa hofu iliyokuwa nyuma ya uamuzi huo. Mozilla huendeshwa kwa sehemu kubwa sana na fedha ya Google, na kuikata ghafla kungeweza kuiua Firefox, kimoja kati ya vivinjari vichache visivyo mali ya kampuni kubwa. Hata hivyo nilihuzunika kuona kwamba katika mvutano wote ule wa mabilioni, anayeandika swali kwenye kisanduku alizungumziwa kama bidhaa inayogombewa na pande mbili.

Ulaya ilipita njia nyingine. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kuhusu simu za Android, na kuanzia 2020 simu mpya zikawa zinamwonyesha mnunuzi orodha ya mitambo achague mwenyewe anapowasha simu mara ya kwanza. Wazo lilikuwa zuri, ila nafasi kwenye orodha hiyo ziliuzwa kwa mnada. Ecosia, kampuni ya Berlin inayotumia faida yake kupanda miti, mwanzoni ilikataa kuingia kwenye mnada huo. Mwaka 2021 mnada ukafutwa, nafasi zikawa za bure. Tangu Machi 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya kidijitali imefanya skrini ya kuchagua kuwa wajibu wa makampuni makubwa. Simu inayouzwa Kariakoo haina skrini hiyo. Sheria ile inaishia mipakani mwa Ulaya.

Nami nataka zaidi ya orodha.

Kwenye iPhone, Safari inakuruhusu kuchagua kati ya majina machache, kama vile Google, Yahoo, Bing, DuckDuckGo, Ecosia. DuckDuckGo iliingia 2014, Ecosia mwishoni mwa 2020, kila moja kwa hisani ya Apple. Jina lisilokuwemo huwezi kuliandika. Ukitaka mtambo mkuu wa kisanduku chako uwe kamusi, maktaba ya chuo chako au Wikipedia ya Kiswahili, kwenye orodha hiyo hakuna pa kugusa. Umeruhusiwa kuchagua miongoni mwa wachuuzi waliokwisha kupewa meza.

Na si kwamba jambo lenyewe ni gumu kiufundi. Mwaka 2005 kampuni ya A9, tawi la Amazon, ilitoa utaratibu wa OpenSearch, ambao kwa msaada wake tovuti yoyote, hata ya mtu mmoja, inaweza kukieleza kivinjari jinsi ya kutafuta ndani yake. Vivinjari vingi viliupokea. Ipo pia njia fupi kuliko hiyo, alama mbili tu: %s. Unachukua anwani ya ukurasa wa matokeo wa tovuti unayoitaka, na pale ambapo neno lako lingekaa unaweka %s. Kivinjari kitajaza chenyewe.

Kwenye Chrome ya kompyuta nenda Mipangilio, kisha mtambo wa kutafuta, kisha sehemu ya kudhibiti mitambo, halafu ongeza mpya. Kwenye jina andika Wikipedia ya Kiswahili, kwenye njia ya mkato weka herufi w, na kwenye anwani andika https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s. Hifadhi. Sasa nikiandika w, nikaruka nafasi, nikaandika Shaaban Robert, makala yake inafunguka kwa Kiswahili bila kupita kwa mtu wa kati na bila tangazo. Nimefanya hivyo pia kwa kamusi ninayoitumia kazini. Ni dakika mbili, na zimeniokolea bando na muda kila siku tangu hapo.

Chrome hiyo hiyo, kwenye simu ya Android, haina sehemu ya kuongeza anwani kwa mkono namna hii. Kitu ambacho mwenye kompyuta anakifanya kwa dakika mbili, mwenye simu ananyimwa, na kwetu wengi tuna simu tu. Firefox ya Android inaruhusu, na ndiyo sababu nilimwekea shangazi kivinjari hicho nilipomtembelea Pasaka.

Tulikaa barazani. Nilimwonyesha, kisha nikafuta nilichokifanya ili arudie mwenyewe, maana hakutaka tena kunipigia simu kwa jambo hilo. Aliweka Wikipedia ya Kiswahili na mtambo aliouzoea, akauliza upi ukae wa kwanza. Nikamwambia hilo ni lake. Alifikiri, akaweka ule aliouzoea, na ule mwingine akautafutia mahali pake kwenye alama iliyo kushoto mwa kisanduku. Jioni jirani yake, mama wa makamo mwenye simu ya aina ile ile, alisimama ugani akilalamikia matangazo ya kamari yanayomjia mjukuu wake. Shangazi alijifuta mikono kwenye kanga, akaipokea ile simu, kisha akamrudishia mwenyewe. “Ishike wewe,” akamwambia. “Gusa hapo, vidoti vitatu.”