Baada ya AVC, mkono haukufa: unahitaji kazi

Katika nyumba nyingi za Kadutu, Bagira ao Panzi, mgonjwa wa AVC akirudi toka hospitali, familia inamwekea mkono juu ya tumbo na kuufunga na kipande cha kitenge. Kisha kila mtu anaanza kumfanyia yote: kumlisha, kumvalisha, kumchana. «Mukono imekufa», ndivyo watu wanasema. Wengine wanaanza hata kumtafuta aliyemloga.

Lakini mkono haukufa. Nyama, mifupa na viungo vyake viko sawa. Kilichoumia ni ubongo. AVC inatokea pale mshipa wa damu wa ubongo unaziba ao unapasuka, mara nyingi juu ya tansiyo iliyopanda miaka mingi bila kutibiwa. Na kwa kuwa nyuzi nyingi za neva zinapishana kabla ya kushuka mgongoni, AVC ya upande wa kushoto wa ubongo inalemaza mkono wa kuume.

Basi mbona mgonjwa anainua bega lakini anashindwa kushika kikombe? Kuchukua kikombe cha chai ni kazi ya wengi, kama watu wanne wanaobeba kabati moja kwenye ngazi. Bega linapeleka mkono, kiwiko kinanyooka, kifundo kinajiweka sawa, na vidole vinafunguka mkono ukiwa bado njiani, kwa kipimo cha kikombe chenyewe. Mtu mzima hafikirii lolote kati ya hayo. Baada ya AVC mpango huo unavunjika: bega linapanda, kiwiko kinajikunja, vidole vinakaza ngumi, na mgonjwa anainamisha kifua chote mbele. Anakifikia kikombe, ndiyo, lakini kwa mgongo. Mkono haujifunzi kitu. Ndiyo maana munganga wa kine anamwambia kwanza aegemee kiti vizuri.

Mwaka 2006, watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio lililoitwa EXCITE, lenye wagonjwa 222. Kundi moja lilivalishwa glovu nene kwenye mkono mzima karibu siku nzima, kwa wiki mbili, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka mmoja nyuma yake, walikuwa bado wanautumia vizuri kuliko wenzao. Ila walichaguliwa wale ambao kifundo na vidole vyao vilikuwa bado vinasogea kidogo. Kumfungia mkono mzima mtu ambaye ule mwingine hausogei kabisa, tena anayeshuka ngazi za Kadutu wakati wa mvua, ni kumtafutia kuanguka.

Huduma ya kine iko Bukavu, kwa mfano kwenye Hospitali kuu ya mkoa na Hospitali ya Panzi. Shida ni mlima na feza: moto ya kwenda na kurudi, mara kadhaa kwa wiki, si kila familia inaiweza. Kwa hiyo ni vizuri ndugu mmoja aende naye mara za kwanza, aonyeshwe mazoezi, kisha yafanyike nyumbani kila siku. Na nyumbani kazi hazikosi: kuchambua maharagi, kupangusa meza, kukunja kitenge kwa mikono miwili, kufungua na kufunga chupa, kushika sahani wakati mkono mzima unakata bugali. Mara nyingi, polepole, mpaka ichoshe kidogo. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo mkono unarudi haraka zaidi, lakini hata baada ya mwaka kuna wanaoendelea kupata nguvu. Kwa kawaida bega linatangulia, vidole vinachelewa. Familia isikate tamaa kwa kuona ngumi tu.

Makosa fulani yanaharibu. Kumwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono dhaifu kunaweza kulegeza bega na kuleta maumivu ya miezi. Ashikwe kwenye kiuno ao mgongoni. Vidole vilivyokaza visinyooshwe kwa nguvu: kifundo kikunjwe kwanza kuelekea ndani, vidole vitalegea vyenyewe. Na pale ngozi imepoteza hisia, maji ya moto yapimwe kwa mkono mzima, na mbabula ikae mbali naye, maana anaweza kuungua bila kusikia.