Gogogo wa Mapambo Asiyejificha Mchana

Wakazi wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo hulalamika kwamba gogogo waliyemnunua kwa sababu ya rangi zake hujificha mchana kutwa. Ndivyo walivyo gogogo wengi. Chakula chao hukitafuta usiku. Aliye tofauti ni gogogo wa Ziwa Tanganyika ajulikanaye kitaalamu kama Synodontis multipunctatus, mwenye mwili wa rangi ya fedha uliojaa madoa meusi, na mapezi meusi yenye ukingo mweupe. Huyu huogelea hata mchana, mradi awe na wenzake; akifugwa peke yake hurudi mafichoni.

Wanne au watano huhitaji tangi kubwa, la lita 200 au zaidi, na maji yenye alikali kama ya ziwa lenyewe. Mawe yasiondolewe kwa kudhani samaki wataonekana zaidi: samaki asiye na kimbilio huogopa kutoka. Wakati wa kuhamishwa atekwe kwa chombo, kwa kuwa miiba ya mapezi hunasa wavuni.

Kuvua samaki hao ziwani bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Waliozidi wasimwagwe mtoni wala bwawani. Warejeshwe kwa muuzaji.