Tunalaani urasimu ambao bado hatujaupata

Neno urasimu limegeuka tusi katika nchi hii. Mtu akiambiwa arudi kesho, faili yake ikipotea masjala, karani akitoka kunywa chai asirudi, sote twalia: urasimu! Mimi naona tusi hilo twalielekeza pasipo pake.

Max Weber, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Ujerumani aliyefariki 1920, aliueleza urasimu kuwa ni utawala wa kanuni zilizoandikwa, wa faili na wa ngazi za vyeo, unaoendeshwa na watu walioajiriwa kwa ujuzi wao na kulipwa mshahara. Mwenye afisi haimiliki afisi. Afikaye mbele ya dawati hapendelewi kwa kuwa ni mjomba wa fulani, wala hanyimwi kwa kuwa jina lake lasikika geni. Weber hata hivyo hakuutukuza mfumo huo. Alichelea kwamba utawala wa hesabu na kanuni ungemfungia binadamu katika kizimba cha chuma.

Chuma hicho wazee wetu walikivaa shingoni. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume wakalazimishwa kubeba kipande: alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, vyote ndani ya kijaluba cha chuma. Mpango ulikuwa nadhifu ajabu, na ulikuwa dhuluma tupu. Sidai, basi, kwamba faili ni malaika.

Lakini hebu tuwatazame Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wajukuu walizaliwa hapa, wakakua bila vitambulisho. Na asiye na kitambulisho hapigi kura, hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilikwisha kuwafungulia mlango watu wasio na uraia walioishi nchini tangu uhuru. Miaka mitano ikapita, mlango ukabaki kwenye karatasi. Oktoba 2016 walifunga safari kwenda Nairobi kumwona Rais mwenyewe. Ndipo amri ikatoka, na Februari 2017 vitambulisho vikatolewa.

Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Lakini ikiwa sheria ipo, afisi ipo na karani analipwa, kwa nini raia aende kwa mkuu wa nchi ndipo dawati la Kwale limtambue? Kwa kipimo cha Weber, huo si urasimu hata kidogo. Ni utawala wa mtu.

Vivyo hivyo, kwa miaka mingi Wanubi wa Kibera na Wasomali wa kaskazini mashariki walihojiwa na kamati za wazee kwa maswali ambayo wengine hawakuulizwa. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini agizo la kukomesha uchunguzi huo. Vyema. Ila agizo la rais mmoja laweza kufutwa na rais mwingine. Mimi ningependa kanuni hiyo ibandikwe ukutani katika kila afisi ya usajili, pamoja na idadi ya siku ambazo karani anaruhusiwa kukaa na ombi la mtu, na cheo cha anayepelekewa rufani siku hizo zikipita.