Kimiminika Kinachotenganisha Vitu

Bila shaka umepata kuona wino mweusi uliolowa maji katika daftari. Kando ya doa hutokea rangi ya buluu au ya zambarau. Rangi hizo hazikutoka katika maji. Zilikuwamo ndani ya wino tangu mwanzo, kwa maana wino mweusi mara nyingi huwa ni mchanganyiko wa rangi kadhaa. Njia hii ya kutenganisha vitu huitwa kromatografia.

Kata vipande viwili vya karatasi ya kuchujia, kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 10. Weka nukta ndogo ya wino sentimita 2 kutoka chini. Simamisha kipande kimoja katika gilasi yenye maji kidogo, na cha pili katika gilasi yenye spiriti kidogo. Nukta isizame. Spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo jaribio hili lifanywe mbali na moto, mbele ya mwalimu.

Utaona kwamba wino ule ule haukusafiri namna moja. Kwa nini?

Nyuzi za karatasi hushika maji, hata karatasi inapoonekana kavu. Rangi inayopenda maji huvutwa na maji hayo yaliyotulia. Kimiminika kinachopanda nacho huivuta kwenda juu. Kama kimiminika hicho ni maji, rangi hufuatana nacho upesi. Kama ni spiriti, rangi ipendayo maji sana hubaki nyuma. Ni kama watoto wawili waliotumwa dukani: mmoja husimama kwa kila rafiki, mwingine hapotezi wakati. Waliondoka pamoja, lakini hawatafika pamoja.

Mwaka 1941, nchini Uingereza, Archer Martin na Richard Synge walieleza njia ya kutenganisha vitu kwa maji yaliyotulia na kimiminika kingine kinachopita. Mwaka 1944 Martin na wenzake walionyesha kwamba karatasi yaweza kufanya kazi hiyo. Martin na Synge walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952.

Siku hizi wataalamu hutumia pia bomba jembamba lililojazwa chembe ndogo sana zinazoshika maji. Kimiminika husukumwa ndani yake kwa pampu. Mara nyingi huwa ni asetonitrili, iliyotiwa maji kidogo.

Je, kazi hiyo ina faida gani? Mwaka 2008, nchini China, watu fulani waliongeza maji katika maziwa ili wapate faida, kisha wakatia melamini, kitu kinachotumika kutengenezea plastiki. Kipimo cha protini kilichotumika kilipima naitrojeni tu, na melamini ina naitrojeni nyingi. Hivyo maziwa hafifu yalionekana kuwa mazuri. Watoto wachanga wapatao 300,000 waliugua, wengi wakipata mawe katika figo, na 6 walikufa.

Melamini hupenda maji. Katika bomba la kawaida, lenye chembe zinazopenda mafuta, hupita upesi pamoja na vitu vingine vingi vya maziwa, na ni vigumu kuitambua. Katika bomba lenye chembe zinazoshika maji, hukawia, ikatoka peke yake. Lakini hapo lazima kimiminika kichaguliwe kwa uangalifu. Maji yakizidi, melamini hutoka mapema mno. Yakipungua sana, hukawia mno. Hata asidi kidogo hubadili mwendo wake, kwa sababu katika asidi melamini hupata chaji ya umeme, ikapenda maji zaidi.

Sasa chukua kipande cha tatu cha karatasi. Changanya vijiko 4 vya spiriti na kijiko 1 cha maji, kisha rudia jaribio. Pima kwa rula umbali ambao kila rangi imesafiri, uandike katika daftari lako. Ni rangi ipi iliyopenda maji kuliko nyingine? Umejuaje?