Mpira wa Vyuo Vya Marekani Wahamia Kwenye Intaneti: Nani Atoe Kiingilio?

Kwa miaka mingi Jumamosi za majira ya vuli zilikuwa na desturi yake katika miji ya Marekani. Mfanyakazi aliyepumzika zamu yake aliketi na jamaa zake mbele ya televisheni, wakawatazama vijana wa chuo cha jimbo lao wakicheza ule mpira wao uliochongoka ncha mbili. Antena ikiwa juu ya paa, picha zilikuja bure. Aliyelipa ni mwenye sabuni na mwenye magari, waliotaka bidhaa zao zitangazwe.

Huenda ndugu msomaji akauliza, je, michezo ya wanafunzi ina fedha gani hata izungumzwe pamoja na makampuni makubwa? Basi na asikie haya. Mnamo Agosti 2022, ligi ya vyuo iitwayo Big Ten iliuza haki za kutangaza michezo yake kwa vituo vya Fox, CBS na NBC kwa zaidi ya dola bilioni 7, kwa muda wa miaka 7. Baadhi ya mechi hizo zilitengwa zionekane katika Peacock peke yake, yaani huduma ya NBC ya kurusha picha kwa njia ya intaneti, ambayo mtazamaji huilipia kila mwezi kama sisi tunavyolipia king'amuzi.

Soko hili lilifunguliwa na mahakama. Hapo awali NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ndicho kilichoamua ni chuo gani kionekane katika televisheni, na mara ngapi. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vilikishitaki, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba utaratibu huo ulivunja sheria za ushindani wa biashara. Tangu hapo ligi zikajiuzia zenyewe.

Haifai kusema kwamba intaneti imeleta hasara tupu. Mieleka, mpira wa wavu wa wasichana na michezo mingine ambayo vituo havikuipa nafasi sasa huonekana kwa wingi katika huduma kama ile iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa jina la ESPN+. Mzazi aliye mbali humwona mwanawe akicheza. Hilo ni jema.

Lakini itazameni ligi ya pwani ya magharibi, Pac-12, ambayo chanzo chake ni mwaka 1915. Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kuihama na kujiunga na Big Ten. Waliosalia wakatafuta mnunuzi wa matangazo, na Julai 2023 Colorado nao wakaaga. Hatimaye aliyejitokeza kwa uzito ni Apple, watengenezaji wa simu na kompyuta. Kwa mujibu wa habari za wakati ule, kila chuo kingepata kiasi cha dola milioni 23 kwa mwaka, na nyongeza ingetegemea idadi ya watazamaji watakaojiandikisha na kulipa. Maana yake, chuo kikuu kingekuwa mchuuzi, kikibisha hodi kwa wahitimu wake na kuwaomba wanunue tikiti ya kutazama timu yao wenyewe!

Wakuu wa vyuo walisita. Tarehe 4 Agosti 2023, siku waliyotazamiwa kutia sahihi, Oregon na Washington walikwenda Big Ten, wakikubali hata mgao pungufu kwa miaka ya mwanzo. Siku hiyo hiyo Arizona, Arizona State na Utah walikwenda Big 12. Mwezi uliofuata Stanford na California walipokewa na ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki. Ligi ya zaidi ya karne moja ilivunjika kwa majira machache ya kujadiliana bei.

Mzigo wa safari uliwaangukia wanafunzi. Kutoka Los Angeles hadi chuo cha Rutgers, New Jersey, ni karibu kilomita 4,000, na saa hutofautiana kwa 3. Mchezaji wa mpira wa wavu, ambaye mchezo wake hauleti hata sehemu ndogo ya mabilioni hayo, hupanda ndege na vitabu vyake mkobani, na mtihani unamngoja. Mwezi Juni 2025 tu ndipo mahakama ilipoidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Katika kuhama huko vyuo viwili viliachwa, Oregon State na Washington State, vyote vikiwa katika miji midogo ambayo hakuna aliyeigombea. Mwaka 2024 mechi zao nyingi za nyumbani zilionyeshwa na kituo cha The CW, ambacho aliye na antena juu ya paa bado hukipata bila kulipa hata senti.