Miwani ya kompyuta na maumivu ya macho

Nyoosha mkono na uinue kidole kimoja mbele ya uso wako. Kikodolee macho, kisha ukilete polepole hadi karibu na ncha ya pua. Utahisi macho yakivutwa. Wakati huo kila jicho linafanya kazi mbili kwa pamoja: linageuka upande wa pua ili macho yote mawili yalenge kidole, na lenzi iliyo ndani yake inanenepa ili kidole kionekane wazi.

Kazi hizo mbili zimeandamana tangu ukiwa mtoto mchanga, na si rahisi ubongo kuzitenganisha. Hapo ndipo penye tatizo la miwani ya kompyuta, ambayo baadhi ya vijana wetu wanajifunza kuiandikia programu. Mafunzo mengi huanza na namna ya kuchora picha na kuisogeza. Jicho hutajwa mwisho, kama linatajwa.

Miwani hii humwezesha mvaaji kukiona chumba alichomo na papo hapo kuona vitu visivyokuwamo, mathalan taswira ya moyo wa binadamu ukidunda juu ya meza. Wataalamu huuita uhalisia mseto. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1968 huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha chombo cha aina hii kilichokuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe kutoka darini. HoloLens ya kampuni ya Microsoft, iliyowafikia watengenezaji programu mwaka 2016, ilikuwa na uzito wa takriban gramu 580. Uundaji wa HoloLens 2 ulikomeshwa mwaka 2024, lakini zilizopo bado zinatumika, na kampuni nyingine zimeingia uwanjani.

Hospitali ni miongoni mwa walioipokea mapema. Mnamo Juni 2020, madaktari wa Johns Hopkins nchini Marekani walifanya upasuaji wa uti wa mgongo wakiwa wamevaa miwani ya kampuni ya Augmedics, iliyowaonyesha mifupa ya mgonjwa kana kwamba ngozi ni kioo.

Sasa turudi kwa kile kidole. Lenzi za HoloLens zimeundwa kwa namna ambayo mwanga wa picha zote humfikia mvaaji kana kwamba unatoka umbali wa mita 2. Umbali huo haubadiliki. Mtengenezaji programu akiuweka ule moyo nusu mita kutoka usoni, macho yatageuka kulenga nusu mita. Lakini lenzi za macho zikijirekebisha kwa umbali huo, picha itafifia, kwa kuwa mwanga wake ni wa mita 2. Ubongo unapokea amri mbili zinazopingana, na misuli ya macho hushindana hadi ichoke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi mwaka 2008 ulioonyesha kuwa mgongano huo pekee watosha kuyachosha macho.

Ndiyo maana Microsoft iliwashauri watengenezaji programu waweke taswira kati ya mita 1.25 na mita 5, na hasa karibu na mita 2. Taswira ikisogelewa sana, ianze kufifia ifikapo sentimita 40. Ni ushauri mwepesi kuusoma, lakini kuufuata ni shida, maana kila anayevaa miwani hii hutaka kukishika anachokiona.

Kwa daktari wa upasuaji jambo hili si la maumivu ya kichwa tu. Yeye hufanya kazi mahali mkono wake unapofika, si mita 2 mbele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, waliwapa watu 20 kazi ya kuunganisha nukta kwa mistari, mara wakiwa wamevaa HoloLens na mara kwa macho matupu. Walikosea zaidi walipovaa miwani, ilhali wenyewe walidhani wamefanya sawa. Kwenye karatasi, kosa la milimita chache ni la kufutwa. Karibu na uti wa mgongo halifutiki. Kwa hiyo programu ya upasuaji haifai kuandikwa kwa miwani yoyote iliyopatikana, bali kwa ile iliyoundwa kwa umbali wa mkono.

Kuna na kizunguzungu. Anayesoma gazeti ndani ya matatu kwenye kona za Mai Mahiu anakijua: macho yanasema tumetulia, sikio la ndani, ambalo hupima mwendo, linasema tunayumba, na tumbo linachafuka. Katika miwani, kichwa kikigeuka taswira inapaswa kubaki pale pale ilipowekwa. Programu ikiwa nzito, picha huchelewa na kitu huonekana kikielea. HoloLens huhitaji picha 60 kila sekunde. Afadhali basi mwandishi aondoe vivuli na mapambo kuliko kuzipunguza picha hizo. Vilevile asibandike maandishi yakaufuata uso wa mtu kila ageukapo, wala asiweke vitu juu sana, kwani shingo tayari imebeba mzigo wa kutosha.

Jeshi la Marekani lilijionea hayo. Ripoti ya ofisi ya majaribio ya Wizara ya Ulinzi iliyotolewa Januari 2023 ilieleza kuwa wengi wa wanajeshi walioijaribu miwani iliyotokana na HoloLens walipata dalili moja au zaidi: kuumwa kichwa, macho kuchoka, kichefuchefu, kizunguzungu, au maumivu ya shingo. Kati ya waliosumbuliwa, zaidi ya asilimia 80 walianza kuhisi hivyo kabla ya saa 3 kupita. Kama vijana wakakamavu wa jeshi waliumwa, sembuse mimi na wewe.

Anayeivaa miwani hii aipumzishe mara kwa mara na atazame mbali, dirishani au uani. Akihisi kichefuchefu aivue mara moja, asijilazimishe kuzoea, na asiendeshe gari mpaka kichwa kitulie. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza, kwani mwanga unaomwekamweka zaidi ya mara 3 kwa sekunde waweza kumletea kifafa. Apple, inayouza Vision Pro, yasema chombo hicho si cha mtoto aliye chini ya miaka 13.

Naye mwandishi wa programu asijipime mwenyewe, kwa sababu aliyeizoea miwani huacha kuhisi kizunguzungu ambacho mgeni atakihisi. Amtafute mtu ambaye hajawahi kuivaa, ampe dakika 20, kisha amwulize kwanza habari za kichwa na macho, ndipo amwulize habari za programu.